Rangi Inayozuia Kutu kwenye Pikipiki za Pwani

Pikipiki inayofanya kazi Kigamboni, Likoni, Tanga au Bububu hushikwa na kutu mahali palepale kila mara: upande wa chini wa suingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma), maungio ya stendi kubwa, keria na mdomo wa ekzosi. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya chuma kidogo kidogo, na chumvi hufyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma hubaki kibichi hata wiki isiyo na mvua. Anayebeba samaki au mwani ana taabu zaidi, maana maji ya chumvi humdondokea moja kwa moja kwenye keria.

Wengi hukwangua kutu, wakapuliza rangi ya kopo, na baada ya miezi michache rangi hutoa malengelenge. Lawama huenda kwa rangi, lakini chanzo kiko chini yake. Chumvi iliyobaki kwenye vishimo vya chuma huvuta maji yakapenya rangi, na kutu huendelea kula ikiwa imefunikwa. Ndiyo sababu muda mwingi wa kazi hii uende kwenye kusafisha. Kupaka kwenyewe ni saa chache tu.

Osha kabla ya kushika msasa

Fungua suingamu, stendi zote mbili, keria na bampa. Toa bushi, beringi na raba zote. Ondoa grisi kwa mafuta ya taa na brashi, kisha osha kwa sabuni ya unga na suuza kwa maji mengi. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na ukisuuza kwa maji hayo unairudisha ileile unayoiondoa. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, unashindilia chumvi na grisi ndani ya mikwaruzo.

Vipande vikikauka, ondoa kutu kwa brashi ya waya ya grenda, ukivaa miwani. Usiishie hapo. Brashi ya waya hung'arisha chuma kikawa laini, na rangi haina pa kushika. Malizia kwa msasa namba 80, halafu 120, hadi chuma kiwe cheupe chenye mikwaruzo midogo kila mahali. Kwenye pembe za weldi (maungio yaliyochomelewa) tumia brashi ya mkono na ukucha wa msasa uliokunjwa. Osha tena, na kausha papo hapo kwa upepo wa kompresa au jua kali.

Kuna kipimo cha bure. Laza kipande kilichokwanguliwa usiku mmoja chini ya paa. Vikitokea vidoa vya rangi ya chungwa ndani ya vishimo wakati sehemu nyingine bado ni safi, chumvi ingali mle. Osha, piga msasa, pima upya.

Vishimo vyeusi visivyotoka vipakwe asidi ya fosforiki, dakika 15 hadi 30, bila kuiacha ikauke, kisha suuza sana. Wako wanaotumia maji ya betri kwa kazi hii. Tafadhali usiyatumie: hula chuma kizima na kuacha masalia yanayoanzisha kutu mpya. Tena asidi ya aina yoyote isiguse cheni, springi wala bolti za ekseli. Hidrojeni inayozaliwa hupenya chuma kigumu, na chuma hicho huweza kukatika ghafla barabarani.

Hapo pia ndipo pa kukagua uzima wa chuma. Sukuma ncha ya bisibisi kandokando ya weldi za suingamu. Ikizama, hicho si kipande cha kupaka rangi. Kibadilishwe, au kishughulikiwe na fundi mzuri wa kuchomelea. Kuziba tundu kwa puti (lami ngumu ya kujazia mashimo kabla ya rangi) kwenye mkono huo wa gurudumu la nyuma ni kuhatarisha abiria.

Epoksi ya makopo mawili

Praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma) inayofaa ni epoksi yenye hadena yake, yaani kimiminika cha kopo la pili kinachoikomaza. Rangi ya kopo moja hulainika ikimwagikiwa petroli, na maji huipenya upesi. Uwiano wa kuchanganya umeandikwa kwenye kopo. Baadhi ni 4 kwa 1 kwa ujazo. Usikisie kwa jicho. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, pima mililita 400 za rangi na 100 za hadena ikiwa uwiano ndio huo. Nusu lita hiyo yatosha matabaka mawili kwa vipande vyote tulivyotaja. Hadena ikipungua rangi haikomai. Ikizidi hubaki na unato. Koroga dakika tatu hivi, kisha uache mchanganyiko utulie kwa muda ulioandikwa.

Saa ya kupaka ina uzito mkubwa pwani. Anza saa nne asubuhi, umande ukishaondoka kwenye chuma, na maliza kabla ya saa tisa alasiri. Epoksi iliyopakwa jioni hukutana na unyevu wa usiku ikiwa bado mbichi. Hadena huchanganyika na unyevu huo, na asubuhi utakuta utando mweupe wenye utelezi. Tabaka la juu yake litabanduka. Ukiuona, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha piga msasa namba 320.

Anza kwa brashi ndogo kwenye weldi, kingo na ndani ya matundu ya bolti, kwa sababu rangi ya kupuliza hukimbia kingo kali. Kisha paka au puliza kipande chote. Tabaka la pili lifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake. Muda ukipita, msasa kwanza.

Epoksi huchakaa kwa jua ikawa kama chaki. Sehemu zinazoonekana zipakwe juu yake rangi ya poliyurethani ya makopo mawili. Za chini zinatosha kwa tabaka la tatu la epoksi. Hadena ya poliyurethani huharibu mapafu, kwa hiyo vaa barakoa yenye chujio la kaboni na ufanyie kazi mahali wazi. Kitambaa hakizuii mvuke huo.

Usifunge vipande siku ileile. Epoksi hushikika baada ya saa 24 lakini hukomaa kwa takriban siku saba. Nati zikikazwa mapema, washa (kisahani kilicho chini ya nati) huikata rangi na kutu huanzia hapo. Baada ya siku chache za kuendesha, kaza tena, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa hujikandamiza.

Mengineyo

Ekzosi haitaki epoksi. Tumia rangi ya silikoni inayostahimili joto la nyuzi 600, bila praima, matabaka mawili membamba, kisha washa injini dakika 10, iache ipoe, rudia dakika 20. Ikipakwa nene huchubuka.

Rangi ya unga inayookwa kwa karibu nyuzi 200 ni nzuri sana kwa fremu nzima, ila nayo hubanduka ikiwekwa juu ya chumvi.

Usipake rangi bomba za shokapu za mbele, ndani ya ngoma ya breki, diski, viti vya beringi, wala mahali waya wa athi (wa hasi ya betri) unapofungwa kwenye fremu. Namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu isiguswe na grenda. Isafishe kwa brashi ya mkono na uipake tabaka jembamba ili isomeke. Ukibadilisha rangi inayoonekana ya pikipiki, kumbuka kuwa imeandikwa kwenye kadi ya usajili.

Suingamu huoza pia kwa ndani. Mimina mililita 50 za oili ya gia namba 90 kupitia tundu lake, igeuzegeuze, kisha ichuruzike. Oili chafu ya injini haifai: ina tindikali. Matundu ya chini ya kutolea maji yabaki wazi.

Baada ya hapo, suuza sehemu za chini kila wiki, na kila siku ukibeba samaki. Jiwe likichubua rangi hadi chuma kikaonekana, osha, piga msasa namba 240 na uguse kwa epoksi siku hiyohiyo.