Makinga maji ya ajira za muda: pima kwanza, jembe baadaye

Kama kijiji chenu kimepata ajira za muda za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na mkutano mkuu umechagua makinga maji, yaani matuta na mitaro ya kuzuia maji ya mvua shambani, usikubali watu waanze kuchimba siku ya kwanza. Tuta lililoinama hukusanya maji upande mmoja, linapasuka, na mvua moja ya Januari inakuachia korongo katikati ya shamba la mtama. Huku kwetu Kongwa mvua ni chache, lakini ikija inakuja kwa fujo.

Kipimo cha usawa ni fremu ya A, na haina gharama. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita mbili hivi, zifunge vichwa kwa mpira wa tyubu, tanua miguu, kisha funga ufito wa tatu kukatiza katikati. Toka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, ushuke kupita ule ufito wa kukatiza. Simamisha fremu, weka alama ardhini kwenye kila mguu, tia alama pale uzi unapogusa ufito. Igeuze, mguu wa kushoto ukae palipokuwa na wa kulia, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili kata mstari kwa kisu: hapo ndipo penye usawa. Fanya kazi hii alfajiri, maana upepo wetu ukishaanza, uzi hautulii.

Anzia juu ya shamba. Mguu mmoja unabaki, wa pili unauzungusha mpaka uzi ukae kwenye mstari, unapigilia kigingi, unasonga. Mstari ukipinda, uache upinde; ardhi ndivyo ilivyo. Lainisha kona kali tu.

Kinga maji letu ni la aina ya fanya juu: ni mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo ukitupwa upande wa juu wa mteremko. Acha nafasi ya kukanyaga kati ya tuta na mtaro, udongo usirudi ndani. Ziba ncha za mtaro, kwa sababu sisi tunataka maji yabaki.

Gawa kazi kwa ngwe, si kwa saa. Wazee na wajawazito wasibebeshwe sururu: wape fremu washike, kazi inayotaka jicho. Majina yasomwe kwa sauti kutoka kwenye rejista kabla watu hawajatawanyika, kwa kuwa hela hii ni chakula cha kaya. Marekani, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Roosevelt iliunda CCC (Civilian Conservation Corps), kikosi cha vijana cha kuhifadhi mazingira, mwaka 1933. Vijana wasio na ajira walilipwa dola 30 kwa mwezi, na kama 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa familia zao. Walipanda miti na kuzuia mmomonyoko. Huo ndio mpango ninaouheshimu: nyumbani wanakula, na ardhi inapona.

Mvua za kwanza zikinyesha, panda juu ya tuta nyasi za hapo hapo zenye mizizi mingi. Adui anayebaki ni kwato. Kondoa, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Sisi tusisubiri kufika huko. Mkutano mkuu ukubaliane kwamba misimu miwili ya mwanzo mabua yakatwe na kupelekewa ng'ombe zizini, na mtendaji aliandike hilo kwenye muhtasari siku hiyo hiyo.