Santuri au CD? Namna ya kulinganisha "Songs in the Key of Life"

Mimi ni fundi wa redio hapa Mlandege, Unguja, na albamu hii ya Stevie Wonder ya mwaka 1976 ndiyo ninayojaribia spika za wateja. Kila mara naulizwa: santuri yake nzuri, au CD? Inategemea wimbo. Lakini kabla ya kufika kwenye wimbo kuna kazi ya kufanya.

Kwanza, mwendo. Deki nyingi (mashine za kupigia santuri) zinazotufikia ni za mtumba. Zile zilizotengenezewa Marekani zimepangiwa umeme wa hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), na kama mota yake inafuata umeme, kwa hezi 50 zetu itazunguka taratibu. Shika saa, piga "I Wish". Kwenye CD inachukua dakika 4 na sekunde kama 12. Ikikufikia dakika 5, tafuta puli ya hezi 50, kile kigurudumu cha kwenye mota. Transfoma peke yake haikusaidii, maana inabadilisha volti tu.

Pili, koga, yaani ukungu wa unyevu. Masika yetu hayana huruma na santuri. Chukua maji safi yale ya kuongezea betri ya gari (tafadhali, si asidi!), kitambaa laini, kisha futa kwa kuzunguka, ukifuata mistari. CD hufutwa kinyume chake: kutoka tundu la kati kwenda ukingoni, moja kwa moja.

Sasa amplifaya moja, spika zilezile, na sauti iwe sawasawa. Hapa ndipo wengi wanapohadaika, kwa sababu inayolia juu zaidi, hata kwa desibeli moja au mbili, sikio huiona ndiyo bora. CD zilizorekebishwa miaka ya baadaye khasa ndizo mara nyingi hupandishwa sauti. Pima kwa programu ya simu, kisha mpe mtu akubadilishie wewe ukiwa umempa mgongo.

Anza na "I Wish". Inafungua upande wa pili, ukingoni kabisa, ambako sindano ina nafasi ya kutosha. Sikiliza besi ya Nathan Watts: kwa santuri nzima na safi, kila noti ina mwanzo na mwisho wake, na mimi hapo naichagua santuri bila kusita.

"If It's Magic" ni kinyume. Ni sauti ya Stevie, kinubi cha Dorothy Ashby, na harmonika, ngoma hakuna. Kila chembe ya vumbi inajitangaza. Weka CD.

"Another Star" inafunga upande wa nne, karibu na lebo, ambako mzunguko ni mfupi kuliko nusu ya ule wa ukingoni. Matoazi na herufi "s" huanza kukwaruza, khasa sindano ikiwa imechakaa. CD inaimaliza ilivyoianza.

Ukienda kununua, kumbuka kuwa seti kamili ni santuri mbili kubwa, moja ndogo yenye nyimbo nne, na kijitabu cha maneno. Ile ndogo ndiyo hupotea. Kwenye CD nyimbo zake zimewekwa mwishoni mwa kila diski, kwa hiyo "Ordinary Pain" ikiisha inaingia "Saturn". Muuzaji akikuletea santuri mbili tu, mwambie apunguze bei.