Kusoma NP kwa intaneti Marekani: mambo ya kujua kabla hujatuma maombi

Kama wewe ni RN, yani nesi mwenye leseni, hapa Marekani na unawaza kusoma NP (nurse practitioner) kwa njia ya intaneti, yani uwe nesi anayepima mgonjwa mwenyewe, anayetambua ugonjwa na kuandika dawa, shika kwanza hili: kinachosomwa kwenye kompyuta ni darasa tu. Tumbo la mgonjwa hulibonyezi kupitia skrini. Itafika siku utavaa koti, saa mbili asubuhi uko kliniki, mgonjwa kakaa mbele yako na anasubiri umsikilize, na hapo ndipo watu wengi wanapokwamia, sio kwenye vitabu.

Kabla ya yote angalia ithibati. Programu iwe imepitishwa na CCNE, ACEN au CNEA, ndo mashirika yanayokagua programu za unesi, na usisome tu maneno ya chuo, ingia kwenye tovuti za hao wenyewe utafute jina la chuo, maana bila ithibati mtihani wa bodi, ule wa kukupa cheti cha NP, hukai na pesa yako imeenda. Halafu uliza kama chuo kinapokea wanafunzi wa jimbo unaloishi, kwasababu kila jimbo lina sheria zake na vyuo vingine haviruhusiwi kufundisha kila mahali. Na kama una mpango wa kuhama katikati ya masomo sema mapema.

Kingine ni fani. Huombi "NP" hivihivi, unachagua: familia, watu wazima na wazee, watoto, afya ya akili, wanawake, watoto wachanga. Leseni yako itafuata hiyo fani, kwahiyo mtu anayependa ICU, wodi ya mahututi, akichagua familia kwa kuwa wengi wanachagua familia, baadae akitaka kubadili anarudi darasani na anaanza kutafuta masaa mapya ya kliniki. Nakuomba uwaze sana hapa, ukipata nafasi kaa siku moja na NP wa hiyo fani uone anafanya nini kutwa.

Sasa masaa ya mazoezi kliniki. Zamani kima cha chini kilikuwa 500, viwango vilivyotoka 2022 vikapandisha hadi 750 ya kumhudumia mgonjwa moja kwa moja, na ukienda hadi DNP, doktareti ya unesi, mara nyingi jumla ni 1,000. Piga hesabu: siku mbili kwa wiki, masaa 8 kila siku, ni masaa 16, na 750 ukigawa kwa 16 ni karibu wiki 47. Karibu mwaka mzima wa siku mbili kila wiki bila malipo, juu ya kazi yako. Ongea na meneja wako mapema kuhusu kuhamia shifti za wikiendi, na tafadhali usitoke shifti ya usiku ukaenda moja kwa moja kliniki, mgonjwa anastahili mtu aliyelala.

Na hayo masaa unayafanya chini ya nani? Chini ya prisepta, yani NP au daktari anayekubali uwe nyuma yake akikufundisha. Vyuo vingine vinakutafutia, vingi vinakuachia utafute mwenyewe. Mimi nilianza miezi mitatu kabla nikajiona niko mapema, kumbe nimechelewa. Nilikuwa na daftari nimechora mistari: kliniki, namba ya simu, nimeongea na nani, kasema nipige lini. Hiyo safu ya mwisho ndo ilinifundisha, karibu kila mstari umeandikwa "tuma imeili" na baada ya hapo kimya. Watu hawakatai, wanakaa kimya tu wiki zinaisha. Aliyenikubalia mwishoni alikuwa nesi niliyewahi kufanya nae kazi wodini, akaja kuwa NP, na hakunijibu kwa imeili, nilimfuata mwenyewe wakati wa mapumziko nikiwa na karatasi moja tu yenye fani yangu, masaa ninayohitaji, tarehe, na mtu wa kuwasiliana nae chuoni. Anza na watu wanaojua unavyofanya kazi.

Ukishakubaliwa bado, lazima chuo na kliniki wasaini mkataba, na unaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi, ndo mana mtu ana prisepta mkononi na semesta inaanza bila yeye. Kwahiyo ukiongea na watu wa udahili uliza: prisepta anatafutwa na nani, mkataba huwa unachukua muda gani, na nikikosa semesta ikianza mnanifanyaje? Majibu yaje kwa imeili, uyatunze. Chuo kinachozunguka kwenye haya maswali mimi nisingejiunga nacho.

Darasa lenyewe lina mwendo wake. Mara nyingi unachangia diskasheni mpaka Jumatano, unawajibu wenzako mpaka Jumapili usiku, na dedilaini inafuata saa za chuo, ukiwa jimbo lenye saa tofauti seti simu yako. Masomo matatu ndo msingi: patofiziolojia (ugonjwa unavyoharibu mwili), famakolojia (dawa zinavyofanya kazi) na upimaji wa mwili. Usichukue patofiziolojia na famakolojia semesta moja huku unafanya kazi fultaimu kama chuo kinakuruhusu kuyatenganisha.

Mitihani mingi unafanya na kamera imewashwa. Unaonyesha chumba chote, chini ya meza, kuna wanaotaka ushike kioo waone kingo za laptopu, na ukiangalia pembeni sana mfumo unaweka alama. Mwanangu aliwahi kufungua mlango nikiwa swali la 30 na kitu, ikabidi nijieleze kwa maandishi. Sasa hivi nafunga kwa ufunguo. Vyuo vingine pia vinakuita kampasi siku chache umpime mtu kuanzia kichwa hadi miguu mwalimu akiangalia, na nauli na hoteli huwa haviko kwenye ada.

Ukimaliza unakaa mtihani wa bodi, kwa fani ya familia unachagua kati ya bodi mbili zinazotoa mtihani, ANCC au AANPCB, ndo unaomba leseni ya jimbo. Majimbo mengine yanakuacha ufanye kazi bila mkataba na daktari, mengine lazima uwe nao, angalia la kwako mapema.

Na kila siku ya kliniki jaza kumbukumbu zako usiku huohuo, umri wa mgonjwa, tatizo, ulichofanya wewe, masaa, bila jina la mtu, halafu mpelekee prisepta asaini kila wiki, maana akihama kazi kabla hajasaini kumpata tena ni shida kubwa.