Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza: namna ya kufuata masharti yake bila kupoteza alama bure

Anayeanguka kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza mara nyingi si yule asiyejua kuandika. Ni yule aliyeleta rasimu moja palipotakiwa tatu, aliyekosa vipindi vya kusomeana kazi, au aliyedhani kubadilisha maneno ya chanzo kunatosha. Katika kozi hii hakuna mtihani mmoja wa mwisho wa kumwokoa mtu. Kinachopimwa ni jinsi andiko linavyokua kutoka wazo bichi hadi nakala safi, na karibu kila sharti kwenye muhtasari wa kozi limewekwa ili ukuaji huo upate muda wake. Mwongozo huu unafuata muhula tangu wiki ya kwanza hadi insha irudi na alama.

Hatua ya 1: Soma muhtasari wa kozi ukiwa na kalamu

Ifanye kazi hii kabla ya kipindi cha pili. Tafuta mambo matano uyaandike kwenye karatasi moja: uzito wa kila kazi kwa asilimia, idadi ya vipindi unavyoruhusiwa kukosa, adhabu ya kuchelewa, kama insha iliyokwisha kupewa alama inaweza kuandikwa upya, na msaada unaoruhusiwa kutoka kwa watu au programu. Lisilokuwamo liulizie kwa maandishi, ili jibu libaki mahali unapoweza kulirudia.

Kisha piga hesabu. Tuseme insha kubwa ni tatu, kila moja asilimia 20. Rasimu pamoja na maoni kwa wenzako 15. Mahudhurio na ushiriki 10. Mkusanyo wa mwisho wa kazi zako 15. Rasimu, maoni na mahudhurio tayari ni asilimia 25, robo nzima ya kozi, na hakuna hata kimoja kinachodai uwe mwandishi hodari. Vinadai uwepo na ufanye.

Adhabu nayo ihesabu. Kama kila siku ya kuchelewa inakata alama 10 kwa 100, insha iliyostahili 78 ikichelewa siku mbili inabaki na 58. Kwa uzito wa asilimia 20, umepoteza alama 4 za kozi nzima. Usipoiwasilisha kabisa unapoteza alama 15.6. Kwa hiyo insha iliyochelewa iwasilishe, hata ukiona haya. Angalia pia kama kuna sharti kwamba asiyewasilisha insha zote kubwa hafaulu, hata jumla ya alama zake ikitosha. Sharti la namna hiyo huwekwa mwishoni kabisa mwa muhtasari, na wengi huligundua wamechelewa.

Kuhusu mahudhurio, kosa la kawaida ni kuzichukulia siku unazoruhusiwa kukosa kama likizo na kuzimaliza mapema. Homa ikija wiki ya kumi, huna akiba. Na ukikosa siku ya kusomeana rasimu, mwenzako amekosa msomaji, ndiyo maana walimu wengi huikatia siku hiyo alama zaidi kuliko nyingine.

Hatua ya 2: Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Insha ya maneno 1,200 inahitaji siku 10 za kazi ndogondogo. Anzia tarehe ya mwisho urudi nyuma: siku ya 10 kabla yake, soma swali, ya 9 na 8, soma vyanzo na uchukue madondoo, ya 7 na 6, andika rasimu nzima, ya 5, isomwe na mtu mwingine, ya 4 na 3, andika upya, ya 2, usiiguse, ya 1, sahihisha na uwasilishe. Siku ya kutoigusa inaonekana kama uvivu, lakini mwandishi akisoma andiko moto huona alichokusudia kusema badala ya kilichoandikwa. Usiku mmoja tu wa kuliacha unatosha kukurudishia macho.

Saa ya mwisho nayo huwanasa watu. Mfumo wa kuwasilishia kazi mtandaoni ukiandika 23:59, maana yake saa 5:59 usiku. Ukiandika Ijumaa saa 00:00, ni saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani kazi imalizike Alhamisi. Jiwekee saa yako ya mwisho saa tatu kabla ya ile ya mfumo.

Hatua ya 3: Pigia mstari kitenzi cha swali

"Eleza" inataka msomaji aelewe jambo. "Linganisha" inataka mambo mawili yapimwe kwa vigezo vilevile. Ukieleza la kwanza kurasa mbili na la pili kurasa mbili, bado hujalinganisha. "Changanua" inataka uonyeshe jinsi sehemu za kitu zinavyofanya kazi pamoja. "Tathmini" inataka hukumu pamoja na vigezo vyake. "Tetea" inataka msimamo ambao mtu mwenye akili timamu anaweza kuupinga. Kosa linalogharimu alama nyingi kuliko yote hapa ni kusimulia upya yaliyomo kwenye kitabu wakati swali linasema changanua. Lugha inaweza kuwa safi, aya zikapangika, na alama ikabaki ya chini kwa sababu kazi iliyoombwa haikufanywa.

Hatua ya 4: Leta rasimu, si utangulizi

Rasimu ya kwanza inaruhusiwa kuwa na kasoro, lakini iwe nzima. Kwa insha ya maneno 1,200, lenga yasiyopungua 900, yakiwa na dai kuu la sentensi moja au mbili, aya tatu au nne za mwili zenye ushahidi, na mwisho, hata kama ni wa kuparaza. Ukileta utangulizi uliopigwa msasa bila mwili, msomaji hawezi kujua kama ushahidi wako unalibeba dai lako, na maoni utakayopata yatahusu vituo na tahajia.

Lipime dai kuu hivi: je, linaweza kupingwa, na je, linaonyesha sababu? "Simu zina faida na hasara" halipingwi na yeyote. "Kupiga marufuku simu darasani huhamisha usumbufu badala ya kuuondoa, kwa sababu mwanafunzi aliyechoshwa na somo hutafuta njia nyingine ya kutoroka" linaweza kupingwa, na tayari linakuonyesha aya zako zitazungumzia nini.

Hatua ya 5: Someaneni rasimu kwa maswali

"Nzuri sana, rekebisha tahajia" ni maoni yasiyomsaidia mwenzako, na kwa kawaida hayapewi alama. Soma rasimu yake mara moja bila kalamu. Soma mara ya pili, kisha uandike mambo manne: dai lake kuu kwa maneno yako mwenyewe, aya iliyokushawishi zaidi na sababu, mahali ulipopotea, ukitaja aya na sentensi, na swali moja ambalo msomaji mkaidi angeuliza. La kwanza ndilo lenye thamani kubwa. Ukilitaja dai ambalo si alilokusudia, umempa taarifa asiyoweza kuipata peke yake.

Ukiwa wewe ndiye unayesomewa, nyamaza uandike. Anayejitetea kwa mdomo, "hapo nilimaanisha hivi", ametamka sentensi iliyopaswa kuwa kwenye karatasi. Iandike hapohapo.

Hatua ya 6: Andika upya kwanza, sahihisha baadaye

Kuandika upya ni kubadilisha mpangilio, hoja na ushahidi. Kusahihisha ni kushughulikia tahajia, vituo na upatanisho. Ukianza na kusahihisha utazipenda sentensi ulizozing'arisha, na itakuuma kuzifuta hata zikiwa hazina kazi.

Chukua rasimu na pembeni mwa kila aya andika maneno yasiyozidi kumi yanayosema aya hiyo inadai nini. Soma orodha hiyo peke yake. Aya mbili zikidai jambo moja, ziunganishe. Aya isiyodai chochote ifute au uitafutie dai. Orodha ikisomeka vizuri ukibadilisha mpangilio wowote, basi hoja yako haijengeki; umerundika. Kisha tazama aya ya mwisho: mara nyingi dai zuri kuliko lile la mwanzo limejitokeza huko, kwa kuwa ulikuwa unafikiri huku ukiandika. Lipandishe juu, na uandike insha upya kutokea hapo. Hii ndiyo faida yenyewe ya rasimu, na aliyeanza usiku wa mwisho hawezi kuipata.

Ndani ya kila aya hakikisha kuna vitu vitatu: dai dogo, ushahidi, na maelezo ya jinsi ushahidi unavyothibitisha dai. Kinachokosekana karibu kila mara ni cha tatu. Baada ya kila nukuu andika sentensi mbili zako mwenyewe zinazoifafanua.

Hatua ya 7: Tofautisha maneno yako na ya wengine tangu kwenye daftari

Wizi wa maandishi mwingi wa wanaoanza haukukusudiwa. Huanzia kwenye madondoo: mtu ananakili sentensi bila alama za kufunga na kufungua nukuu, na wiki mbili baadaye anaamini ni yake. Dawa yake ni daftari lenye safu mbili. Kushoto weka maneno ya chanzo ndani ya alama za nukuu pamoja na namba ya ukurasa. Kulia weka mawazo yako.

Ufafanuzi kwa maneno yako nao una mtego. Tuseme chanzo kinasema: "Barua za wafanyabiashara zilihifadhiwa si kwa uzuri wake bali kwa kuwa zilikuwa ushahidi wa madeni." Ukiandika "Nyaraka za wachuuzi zilitunzwa si kwa umaridadi wake bali kwa sababu zilikuwa uthibitisho wa madeni", umebadilisha nguo tu, kiwiliwili cha sentensi ni kilekile, na katika vyuo vingi hilo ni kosa hata ukitaja chanzo. Funga kitabu, mweleze mtu jambo lenyewe, ndipo uandike: "Kilichoziokoa barua hizo ni hesabu, kwani bila hizo hakuna aliyeweza kuonyesha nani anamdai nani." Na bado unataja chanzo, maana wazo si lako.

MLA na APA ni mitindo miwili ya kutaja vyanzo. Kwa mtindo wa MLA weka jina la mwandishi na ukurasa bila mkato, (Jina 12). Kwa APA weka jina, mwaka na ukurasa, (Jina, 2015, uk. 12). Nukuu ya nathari inayozidi mistari minne kwa MLA, au yenye maneno 40 na zaidi kwa APA, huingizwa ndani sentimita 1.27 bila alama za nukuu. Usichanganye mitindo katika insha moja. Insha yako uliyoiwasilisha katika kozi nyingine usiilete tena bila ruhusa ya maandishi. Vyuo vingi huihesabu kuwa udanganyifu.

Hatua ya 8: Akili mnemba: jua mpaka kabla hujaugusa

Masharti ya kutumia programu zinazoandika zenyewe, kama ChatGPT, huangukia makundi matatu: imepigwa marufuku kabisa, inaruhusiwa kwa hatua fulani tu, kwa mfano kubuni mada, au inaruhusiwa mradi utamke ulivyoitumia. Muhtasari ukinyamaza, usichukulie kimya kuwa ruhusa.

Programu hizi hubuni vyanzo: kichwa cha makala kinachovutia, mwandishi anayesikika wa kweli, na makala yenyewe haipo. Chanzo usichokifungua kwa macho yako usikitaje. Vilevile andika kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko na utunze rasimu zote. Vyombo vya kutambua maandishi ya mashine hukosea. OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, iliondoa chombo chake cha utambuzi Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Ukishukiwa bila haki, historia ya rasimu itakutetea vizuri kuliko kiapo.

Hatua ya 9: Umbo na uwasilishaji

Pambizo sentimita 2.54 kila upande, herufi ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba ya kila ukurasa. Kwa vipimo hivyo maneno 1,200 hujaza kurasa nne hadi tano, kwa hiyo kupanua pambizo ili ufikishe kurasa huonekana mara moja. Lipe faili jina linaloeleweka: jina lako, insha ya ngapi, rasimu ya ngapi. Ukishapakia, ipakue tena uifungue. Faili isiyofunguka huhesabiwa kuwa haijawasilishwa.

Hatua ya 10: Omba muda kabla haujaisha

Ombi linalokubaliwa lina mambo manne: lipo mapema, linaonyesha kazi iliyofanyika, linataja siku na saa mpya, na ni fupi. Kwa mfano:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kundi B. Insha ya pili inatakiwa Ijumaa. Nimeugua tangu Jumatatu, na cheti cha daktari nimekiambatisha. Nimeandika aya tano kati ya saba, nazo nimeziambatisha. Naomba niwasilishe Jumapili saa 2 usiku. Asante."

Ombi la "naomba muda kidogo" humlazimu mwalimu aulize maswali, na wakati anauliza, saa yako inakwisha.

Hatua ya 11: Insha ikirudi

Usimwandikie mwalimu siku hiyohiyo. Soma maoni yote, uyagawe mafungu mawili: ya hoja na ya lugha. Chagua mawili ya hoja na moja la lugha uyabebe hadi insha inayofuata, ukiyaandika juu kabisa ya rasimu yake. Ukienda saa za ofisi kuuliza alama, nenda na aya moja mahususi na mwongozo wa usahihishaji mkononi, uulize aya hiyo ingehitaji nini ili ifikie kiwango cha juu. Na kama kozi inaruhusu kuandika upya, angalia tarehe ya mwisho ya ruhusa hiyo leo hii. Mara nyingi ni wiki moja tu tangu insha irudishwe.