Kupima figo ya mtoto iliyoziba kwa ultrasaundi, kabla na baada ya upasuaji

Wiki jana nilimwelekeza sonografa (mpimaji wa ultrasaundi) mgeni kazini hapa Nairobi kumpima mtoto ambaye figo yake imeziba pale mrija wa mkojo unapoanzia. Haya ndiyo niliyomwambia.

1. Matayarisho. Pasha jeli, ya baridi humliza mtoto. Kama hakuna dharura, mtoto mchanga angoje saa 48 baada ya kuzaliwa. Kabla ya hapo mkojo ni kidogo, na figo iliyoziba huonekana nzima.

2. Figo zote mbili. Pima urefu na unene wa nyama ya figo. Kwa mchanga, piramidi (sehemu za ndani za nyama ya figo) huwa nyeusi kwenye picha. Usizidhanie vikombe (vijinafasi vinavyopokea mkojo) vilivyotanuka. Vikombe huungana na beseni la figo, mkojo unapokusanyika kabla ya kuingia mrijani; piramidi haziungani.

3. Kipenyo cha beseni, mbele hadi nyuma. Hapa usiharakishe. Kata picha kwa upana, katikati ya figo. Mimi hupendelea mtoto alale kifudifudi; ukichagua mlalo, usiubadilishe ziara ijayo.

Kisha kibofu. Miaka iliyopita nilimpima mvulana wa miaka minne, miezi mitatu baada ya upasuaji. Kabla ya kisu beseni lilikuwa milimita 24; siku hiyo nikapata 26. Mama yake akaniuliza, "Daktari, kwani watamkata tena?" Nikapima tena na tena, nikabadilisha probu (kifaa kinachogusa ngozi), saa mbili zikaisha. Mtoto akaomba kwenda choo. Kumbe alikuwa amebana mkojo tangu Githurai, ndani ya matatu, kwenye foleni. Aliporudi: 15.

Tangu hapo hupima kibofu kikiwa kimejaa, nikatazama kama mrija umetanuka nyuma yake (ukitanuka, kizuizi kiko chini zaidi). Halafu mtoto akojoe, nangoja dakika 15, napima upya. Wa nepi, ngoja ailoweshe. Namba zote mbili ziandikwe kwenye ripoti, pamoja na mlalo.

4. Doppler, yaani kupima mtiririko wa damu. Kiwango cha ukinzani (RI) cha 0.70 cha watu wazima kisitumiwe kwa wachanga. Ukinzani wao huwa juu kiasili. Linganisha figo na mwenzake.

5. Baada ya upasuaji. Mimi hupima wiki 4 hadi 6 baada ya stenti (kijibomba cha muda kinachoachwa ndani ya mrija) kutolewa. Beseni linaweza kubaki pana kwa miezi mingi hata mkojo ukipita vizuri, kwa hiyo mweleze mzazi mapema. Likizidi kupanuka kibofu kikiwa kitupu, au nyama ya figo ikipungua, omba skani ya nyuklia: ultrasaundi haionyeshi figo inafanya kazi kiasi gani.