Pikapu ya zamani ya dizeli inakata mafuta? Anza hapa

Wazee wa Kigoma mnaopandisha Kasulu na Hilux za zamani, gari ikikosa nguvu mlimani au asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, usikimbilie kufungua pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, hapo utaliwa hela bure. Bonyeza kwanza ile pampu ya mkono juu ya filta, ukibonyeza weee haikazi ujue inavuta upepo, mara nyingi mpira wa mafuta umepasuka pale kwenye klipu. Unga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani kwenye njia ya mafuta, kabla ya ile pampu kubwa, washa, ukiona mapovu umempata mchawi. Inakaza ila gari bado nzito? Mwaga maji ya filta au badili kabisa. Yangu ilikuwa inatembea kidogo inazima, kumbe kitundu cha hewa cha mfuniko wa tangi kimeziba vumbi, nilivyoulegeza tu nikasikia fyuuu!