Jinsi ya Kuandaa Usiku wa Chakula na Igizo la Julia Child

Kwenye usiku wa namna hii wageni wanakula huku Julia Child, mpishi maarufu wa televisheni ya Marekani, akiigizwa mbele yao. Ukipata mwigizaji anayejua kupika lakini kuiga sauti ya Julia kunamshinda, mchukue. Mwenye sauti kamili asiyejua kushika kisu atakuaibisha mbele ya meza ya kwanza.

Hatua ya 1: Chagua mwaka mmoja

Julia alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1912. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika shirika la ujasusi la Marekani huko Ceylon (Sri Lanka ya leo) na China, baadaye akasomea upishi katika chuo cha Le Cordon Bleu, Paris. Ukiyasimulia yote supu itapoa. Mimi huchagua 1963, kwa sababu tarehe 11 Februari mwaka huo kipindi chake, The French Chef, kilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha WGBH, Boston. Mswada uandike kwa maneno yako. Vitabu na video zake vina wenyewe.

Hatua ya 2: Menyu

Kipindi cha kwanza alipika boeuf bourguignon, nyama ya ng'ombe iliyoivia taratibu kwenye mvinyo mwekundu. Bahati nzuri ndicho chakula kinachokufaa: unakipika tangu jana yake, na onyesho likichelewa nusu saa hakiharibiki. Kitanguliwe na supu ya viazi na liki, mboga ya jamii ya kitunguu. Mapishi ya boeuf bourguignon yana bekoni, yaani nyama ya nguruwe, pamoja na huo mvinyo, kwa hiyo liandikwe wazi kwenye tiketi. Wageni wengi wakiwa Waislamu, viondoe vyote viwili, ila usikiite tena kwa jina lile. Sema ni nyama ya ng'ombe na uyoga, na watakula vizuri tu.

Hatua ya 3: Jukwaa

Julia alikuwa na urefu wa sentimita 188 hivi, na jikoni kwao Cambridge, Massachusetts, meza za kupikia ziliinuliwa zimfae. Mwigizaji wako akiwa mfupi, fanya kinyume: tumia meza ya chini, ataonekana mrefu. Juu ya jiko funga kioo kikubwa kilichoinamishwa, ili waliokaa nyuma waone ndani ya kikaango. King'ora cha moshi kiko wapi? Muulize mwenye ukumbi kabla hujaweka jiko.

Hatua ya 4: Kimanda

Hapa usiku unasimama au unaanguka. Mwaka 1962 Julia alialikwa kwenye kipindi cha vitabu kuzungumzia kitabu chake, akaja na jiko dogo la umeme na kupika kimanda mbele ya kamera. Watazamaji wakaandika barua wakitaka zaidi, na njia ya kupata kipindi chake ikafunguka.

Basi kipikwe kweli. Siagi ikishatoa povu, na povu likianza kushuka, mayai mawili matatu yaingie. Kisha mwigizaji avute kikaango kuelekea kwake kwa mishtuko mifupi, mpaka mayai yajikunje yenyewe ukingoni. Ni kazi ya nusu dakika, na kwa muda huo asiseme neno. Siagi inatosha kusema. Mazoezini atumie maharage makavu, tena uani, maana yatamwagika.

Hatua ya 5: Sauti

Iache mwisho. Wengi wanaiga sauti ya mchekeshaji Dan Aykroyd, aliyemwigiza Julia akivuja damu kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live mwaka 1978. Huko ni kumwiga mwigaji. Na usimwangushe kuku sakafuni kama watu wanavyosimulia kuhusu Julia, maana kisa hicho ni uzushi. Kilichotokea ni kwamba aligeuza chapati ya viazi, vipande vikaangukia juu ya jiko, akaviokota na kuvirudisha kwenye kikaango.

Hatua ya 6: Wahudumu

Sahani isitoke jikoni mwigizaji akiongea. Ile “Bon appétit!”, yaani “mle vizuri”, aliyofungia vipindi vyake ihamishie baada ya kimanda, iwe ishara kwa wahudumu. Wageni watapiga makofi, na makofi yatafunika kelele za vyombo.

Keki ya chokoleti na kahawa zikifika, ruhusu maswali. Mwigizaji abaki 1963. Akiulizwa kuhusu jiko lake lililoko kwenye makumbusho ya Smithsonian, ashangae na kusema ameliacha nyumbani asubuhi hiyohiyo.